Mama Aliyemlilia Mtu Hai

Nduta wa Kabiru hakujua kukaa. Mwekee kiti, atakipangusa, atakisogeza kidogo, ataketi ukingoni kama mtu aliyekuja kuulizia njia, kisha atasimama. Majirani zake kule nje ya Kitale, upande wa Kiminini, walisema mama huyu hata kusali anasali akitembea. Asubuhi yuko shambani kwenye mahindi, jua likipanda yuko sokoni na viazi vyake, alasiri utamkuta langoni akitazama barabara. Ukimuuliza anamngoja nani, anakujibu, "Singoji mtu. Naangalia tu mvua." Hata kiangazi.

Aliyekuwa akimngoja ni mwanawe, Muigai, mtoto wa pekee aliyemzalia marehemu Kabiru. Kisa chenyewe ni kifupi, ingawa kilimkalia kifuani kama ugali wa jana. Muigai alikuwa fundi wa vinu vya kusaga mahindi, kijana wa maneno machache na mikono mizuri. Kazi ikampeleka Bungoma, akakaa huko, akapata msichana wa Kibukusu. Akaja nyumbani kumwambia mama.

Sasa, Nduta hakuwa mtu wa roho mbaya. Lakini aliwahi kukimbia nyumba yake ikiwaka, mtoto mgongoni, wakati wa zile fujo ambapo jirani alimgeuka jirani kwa sababu ya kabila, na hofu ya namna hiyo ikishamwingia mtu haitoki ati kwa kuwa redio imesema kuna amani. Akamwambia mwanawe mezani:

"Huyo msichana simtaki hapa, na jina lake sitalitaja na mdomo wangu. Siku utamleta, ujue mimi sina mtoto."

Muigai aliweka kikombe chini taratibu, kama ilivyo desturi yake, asimwage hata tone. Akachukua mkoba wake wa spana, akatoka. Namba yake ya simu ikafa. Mahindi yakavunwa, yakapandwa mengine, nayo yakavunwa.

Ni katika kipindi hicho cha kutotulia ndipo Nduta alipoingia kwenye maigizo, na aliingia kwa bahati tu. Pasaka moja wanawake wa kanisa lao walikuwa na igizo la mateso ya Bwana, na mama aliyepangwa kuwa Mariamu akaamka na jino linalouma. Wakamsukuma Nduta kwa sababu wengine wote walikuwa wameketi, yeye peke yake alikuwa amesimama. Alipofika chini ya msalaba, ambapo mwalimu wa kwaya alikuwa ameinamisha kichwa akijitahidi asicheke, Nduta hakupiga kelele wala kujigaragaza. Alimtazama tu miguu. Akaipangusa vumbi kwa upindo wa leso yake. Kisha akamuuliza, kwa ile sauti ya mama anayeuliza jambo la kawaida:

"Si nilikwambia urudi mapema?"

Basi. Mchungaji akavua miwani. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye hakuwahi kuonekana akilia hata siku ng'ombe wake wa maziwa alipopigwa na radi, akatoka nje akisema anaenda kufunga baiskeli, na baiskeli hakuwa nayo.

Katika watu waliokuwa wameketi nyuma siku hiyo alikuwemo Hiram. Hiram alikuwa na kikundi cha maigizo kilichozunguka kwenye shule na kumbi za makanisa, kutoka Kitale mpaka kule Bungoma. Mtu wa maneno mengi na kofia moja. Alimfuata Nduta mpaka langoni kwake.

"Mama, hicho kilio usikifungie nyumbani kikaoze. Kuja tufanye kazi."

"Kazi gani ya kulia?"

"Watu wana machozi wamebeba tangu zamani, hawana pahali pa kuyaweka. Wewe utawaonyesha pahali."

Nduta akakubali, si kwa maneno hayo matamu, bali kwa sababu kazi ilikuwa ya kuzunguka. Mtu anayezunguka huenda akakutana na mtu.

Mchezo wa Hiram, alioutunga mwenyewe, au ndivyo alivyosema, ulikuwa wa mama aliyekosana na mwanawe aitwaye Noah. Noah anaenda mbali kutafuta maisha, na kabla hawajapatana analetwa nyumbani ndani ya jeneza. Jeneza walilitengeneza kwa mbao nyepesi, wakalipaka rangi ya kahawia na vishikio vya kung'aa. Ndani yake alilala Kemboi, mwanamume mzima mwenye tumbo lake, kwa sababu katika kikundi kizima ni yeye tu aliyeweza kulala kwa muda mrefu bila kukohoa. Wengine walikuwa majirani na watu wa kupiga ngoma.

Na hapo Nduta alikuwa fundi, tusimnyime. Hakuanza kulia haraka. Alizunguka jeneza kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Alimrekebisha Kemboi kola ya shati. Alimuuliza kama amekula. Aliwaambia majirani wa mchezoni wasipige kelele, mtoto amechoka na safari. Alikataa kulia, alikataa, mpaka watu waliokuwa kwenye viti wakashindwa kumngojea, wakaanza wao. Yeye ndipo alipoanza, mwishoni, na ukumbi ukawa kama paa la mabati mvua inapofika. Watu walitoka wakiwa wamevimba macho na kusema wamejisikia wepesi. Wakaambiana. "Nenda ukamwone yule mama wa viazi. Utalia mpaka ushukuru."

Nduta mwenyewe hakutoka mwepesi hata siku moja. Wenzake wakinywa soda, yeye anafagia jukwaa. Wakipanda gari, yeye bado yuko mlangoni anawatazama watu usoni wakitoka, mmoja baada ya mwingine.

Halafu ikaja alasiri moja mjini Kitale. Alifika kwenye jeneza kama kawaida, akarekebisha kola, akauliza kama amekula, akafungua kinywa kusema "Noah, mwanangu." Kinywa hakikumsikiliza. Kilisema:

"Muigai. Muigai wa Kabiru, wewe mwenye kovu la jembe juu ya jicho, nimekuita mpaka nimechoka."

Watu walitazamana kwanza. Kisha wakalia kama hawajawahi kulia. Hata mpiga ngoma aliacha ngoma.

Baadaye nyuma ya pazia Hiram alimshika mabega. "Hilo jina libaki. Noah tumemzika leo."

"Hiram, hilo ni la mtoto wangu. Yuko hai."

"Kwani litamla?"

"Mzee, hebu ngoja," Kemboi alisema, bado akiwa na pamba puani. "Mimi ndiye nalala humo. Huku kwetu, na kwao, na kwa kila mtu ninayemjua, jina la mtu aliye hai halitajwi juu ya sanduku. Siku moja nitaitika, na mtatafuta mtu mwingine."

Wakacheka. Nduta hakucheka. Alijua Kemboi alisema kweli. Bibi yake mzaa mama angemchapa mdomo kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini jukwaa ndilo lilikuwa pahali pekee alipoweza kuliita jina lile kwa nguvu. Nyumbani akilisema, kuta zinamtazama. Sokoni akilisema, watu wanauliza, "Kwani alienda wapi?" Juu ya jukwaa aliliita, na watu wakamsaidia kulia, na hakuna aliyemuuliza kosa lilikuwa la nani. Akaliacha jina libaki.

Wakazunguka nalo. Sirisia waliliita, Myanga waliliita. Jeneza lilipakiwa nyuma ya pikapu na Kemboi akaketi kando yake akiguguna hindi la kuchoma, na njia nzima watu walivua kofia. Walipopita Webuye, akina mama waliokuwa wakiuza nyanya kando ya barabara waliona jeneza, wakaweka mikono kichwani, wakaanza kulia palepale bila kujua ni nani. Kemboi akawapungia hindi kuwashukuru. Hiram alicheka mpaka kofia ikaanguka, lakini Nduta alijifunika leso na kuomba wafike.

Wakafika Bungoma Jumamosi moja mchana, kwenye ukumbi wa kanisa. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Katika safu ya mbele mbele alikuwa ameketi mama mmoja mnene, Peris, muuza ndizi, pamoja na binti yake Viola. Hawakuwa na shida yoyote siku hiyo. Walikuwa wamesikia sifa, wakaja kulia kidogo kama watu wengine.

Sasa kuna jambo ambalo Hiram, pamoja na maneno yake yote, hakulifikiria. Kitale watu hulia wakiwa wameketi. Wanajifunika uso, wanapangusa pua, wanabaki kwenye viti vyao. Sirisia na Myanga walicheza kwa wanafunzi, na mwanafunzi haondoki kwenye benchi mwalimu akiwa mlangoni. Lakini ukumbi huu wa Bungoma ulijaa akina mama wa Kibukusu, na kwao mfiwa haachwi alie peke yake. Ukisikia kilio, unaweka chini ulichoshika, unaenda, unalia naye ukiwa umemshika. Kukaa kwenye kiti ukimtazama mwenzako anavyolia ni kama kumcheka.

Kwa hiyo Nduta alipozunguka jeneza, akarekebisha kola, akauliza kama amekula, akaliita lile jina, mama mmoja aliinuka kule nyuma, mikono kichwani, akaja mbele akilia. Akafuata mwingine. Wakapanda jukwaani watano, kumi, wakamzunguka Nduta, wakamshika kiuno asianguke.

"Kaeni chini jamani!" Hiram alitoa kichwa kwenye pazia. "Ni mchezo! Ni mchezo tu!"

"Wewe nyamaza, hujui mwenye uchungu?" mama mmoja alimkaripia. "Mwanaume gani hana haya!"

Mkongwe mmoja akawa anampapasa Kemboi shavu na kumsifu alivyokuwa kijana mzuri. Kemboi, ambaye hasemeki alivyo na mtekenyo, alikaza macho akabaki maiti. Hapo alistahili tuzo.

Katikati ya hayo kikatokea kilio kingine, kutoka safu za mbele. Nduta alikisikia kabla ya wengine. Alikuwa fundi wa vilio, alijua uzito wake. Hiki hakikuwa na mwanzo wala mpango. Kilikuwa kama kitu kilichovunjika. Wanawake wa jukwaani mmoja mmoja wakanyamaza. Viola alikuwa sakafuni katikati ya viti.

"Baba Ian! Asubuhi ametoka mzima! Uwi, mama, asubuhi amekunywa uji!"

Nduta akawapita wote, akashuka, akapiga magoti. "Msichana, nani huyo? Baba Ian ni nani?"

"Si wewe umesema? Muigai wa Kabiru! Si umesema na kovu!"

Mtu wa mbali atashangaa, ataniambia lakini Viola alijua ni mchezo. Alijua. Lakini alijua pia, tangu utotoni, kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeita jina la mtu hai juu ya jeneza, na jina la baba yake, na kovu lake. Anayeita hivyo amepata habari. Hilo ndilo Viola alilosikia, na pale kila mwanamke alielewa kwa nini.

Nduta akamshika msichana mabega. "Hajafa," alisema. "Ni... nilikuwa naigiza."

"Unaigiza na jina?" Peris alimsimamia juu ya kichwa. "Mama, mtu anaigiza na jina la mume wa mtu?"

"Ni jina la mtoto wangu."

Hapo ukumbi wote ukavuta pumzi. Peris akamtazama Nduta toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akakumbuka aliyoambiwa na binti yake.

"Kumbe ni wewe," alisema polepole. "Yule wa kusema hana mtoto."

Wakampigia Muigai simu. Haipatikani. Wakapiga tena. Alikuwa ameenda Webuye kurekebisha kinu, alisema Viola, na kila siku huwasha simu akishafika. Leo hakuwasha. Wakapiga tena, haipatikani. Mkongwe aliyempapasa Kemboi akasema, si kwa ubaya, ila kwa sauti ya kusikika, kwamba ulimi nao una njia zake, ukimwita mtu huko anaweza kwenda.

Ndipo Nduta alipoonja. Yale aliyokuwa akiwapa watu ukumbi baada ya ukumbi, yakamjia yeye, na hayakuwa na wepesi wowote. Alitoka mlangoni akaenda mpaka lango la kanisa. Akarudi. Akaenda tena. Kila pikipiki iliyokuja kutoka upande wa Webuye aliikimbilia. Mtu akamletea kiti, akakizunguka. Akataka kumwomba Mungu, akaogopa kulitaja jina. Viola alikuwa ameketishwa kivulini, na Nduta akipita anataka kusimama kwake, miguu inampitisha.

"Mama Muigai, kaa chini, unatuchosha," Kemboi alimwambia kwa upole, bado ana poda usoni.

"Nikikaa atakuwa amekufa."

Jua lilikuwa limelegea pikipiki moja ilipoingia. Aliyekuwa juu yake alikuwa mweupe kichwa hadi viatu, kope nyeupe, nywele nyeupe, kwa unga wa kinu. Mama mmoja akapiga ukemi akakimbilia nyuma ya choo. Jeneza lilikuwa nje, limeegemezwa ukutani. Muigai akalitazama, akawatazama watu.

"Simu yangu imeisha chaji. Nimepigiwa kwa simu ya mwenye kinu, ati kuna kilio kwetu. Nani amekufa?"

Mwishowe jamaa mmoja akakuna kisogo. "Bana, ni wewe."

Viola alimrukia, akampiga ngumi kifuani, unga ukaruka. Muigai alimshika, haelewi. Kisha akamwona mama yake karibu na lango, amesimama wima, kwa mara ya kwanza maishani mwake hatikisiki.

Wakamweleza. Alisikiliza yote mpaka mwisho, kwa ule utaratibu wake wa kuweka vikombe.

"Mahali pangapi?" aliuliza.

"Muigai..."

"Umeniweka kwenye hilo sanduku mahali pangapi, mami?"

"Nilikuwa nakutafuta."

"Ulisema huna mtoto. Sasa kumbe unaye, ila ni wa kuzika."

Hakupaza sauti, ndiyo maana iliuma. Nduta alinyoosha mkono. Muigai akamshika mke wake, akageuka kwenda kwenye pikipiki.

"Huyo kijana asimame!" Peris alisema, huku amegeuzia uso ukutani. Kwao mama mkwe na mkwe hawashikani mkono wala hawakaribiani, ni heshima, kwa hiyo maneno yake aliyatuma kwa Kemboi aliyekuwa katikati, na Kemboi akajikuta mkalimani wa watu wanaosikiana vizuri kabisa. "Mwambie huyo kijana hivi. Mtu aliyeliliwa mbele ya watu hawezi kwenda tu kulala nyumbani kama kuku. Nitakaa na binti yangu na mtoto, kila akikohoa niseme ni lile jeneza? Hapana. Aliyemlilia ndiye atamrudisha. Mbele ya hawa hawa, hapa hapa, Jumamosi ijayo."

"Ati anasema..." Kemboi alianza.

"Nimesikia," Muigai alisema. "Mwambie mimi siji kuchezewa tena."

"Mwambie," Peris aliuambia ukuta, "atakuja. Sitaki mkwe maiti."

Viola akamvuta mumewe mkono, akamnong'oneza kitu. Muigai akampandisha kwenye pikipiki. Pikipiki ikaondoka. Nduta akabaki akitazama vumbi, na kichwani kulikuwa na neno moja tu geni lililokuwa likizunguka na yeye: Ian. Kwamba kuna mtoto anaitwa Ian.

Wiki hiyo majirani zake walidhani ameugua. Aliingia kwenye mahindi, yaliyokuwa yamempita kichwa, ili afanye mazoezi ya kumwita mtu hai. Ungedhani ni jambo rahisi. Mama gani hajui kumwita mtoto? "Muigai," anaita. Inatoka ya matanga. Anakohoa, anaanza upya. "Muigai!" Inatoka ya matanga zaidi, mpaka jirani anapiga kelele ng'ambo ya ua, "Nduta, kuna nini tena?" Alijaribu kwa hasira, alijaribu akiimba, alijaribu akitembea haraka kati ya mistari majani yakimkata mikono. Sauti yake ilikuwa imejifunza njia moja, kama maji shambani, na kila alipoifungulia ilipita palepale.

Hiram alikuja kumshawishi. "Mama, tutafanya hivi. Unalia kama kawaida, halafu Kemboi anafufuka. Watu watapenda."

"Toka kwangu, Hiram."

"Nafikiria tu."

"Basi fikiria ukitembea."

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza, kwa sababu Bungoma nzima ilikuwa imesikia kwamba kuna mtu anarudishwa. Wengine walibeba vitambaa vya kujipangusa, kama kawaida ya mtu anayejua anakoenda. Peris aliketi upande wa kushoto. Muigai aliketi upande wa kulia, kule nyuma kabisa karibu na mlango, amekunja mikono kifuani, anatazama paa. Viola alikuwa kando yake, Ian amelala mgongoni.

Nduta alitoka kwenye pazia. Jeneza lilikuwepo na Kemboi ndani yake, kwa kuwa hakuna aliyejua kama mchezo utaendelea au la. Hakulizunguka. Hakurekebisha kola. Alikuja mbele akasimama, na vidole vyake vikaanza kufungua na kufunga fundo la leso.

"Muigai," alisema.

Ikatoka ileile. Ya matanga. Mama mmoja kule nyuma akaanza kuinuka, mkono ukielekea kichwani.

"Hapana, kaeni," Nduta alisema haraka. "Tafadhalini mama zangu, msinisaidie leo."

Yule mama akaketi. Mtu akakohoa. Kijana dirishani akasema, "Ameshikwa, huyu," akanyamazishwa kwa kiwiko. Nduta alimtazama mwanawe kule nyuma, na mwanawe alitazama paa. Akaona kama bado yuko katikati ya mahindi, mistari mirefu, haoni mwisho wake.

Kisha akamtazama Viola. Na akajiona alivyokuwa mjinga. Wiki nzima ameshinda akilisugua jina la Muigai, jina ambalo hajawahi kukataa kulitaja hata siku moja. Jina alilolikataa lilikuwa lingine. Hilo ndilo lililomtoa mtoto mezani na mkoba wake wa spana, na juu ya majukwaa yote hayo, kwa machozi yote yale, hakuwahi kulisema.

"Viola," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, ya kawaida, kidogo imekwaruza. Haikuwa ya jukwaani. Waliokuwa nyuma waliulizana amesema nini.

"Viola, mke wa Muigai wa Kabiru. Mama Ian. Mimi ni mama mkwe wako. Nilisema jina lako halitapita mdomoni mwangu. Limepita. Naomba uniletee huyo mtoto nimwone. Na baba yake, kama atakubali."

Hakuna aliyelia. Watu walishika vitambaa vyao wakavitazama, hawajui wavifanyie nini. Kutoka kwenye jeneza ikasikika sauti ya chinichini:

"Mama, nitoke ama?"

"Toka, Kemboi, toka."

Kemboi akajiinua, mbao zikalia, akatoka na kuketi ukingoni akijinyoosha mgongo, na watu wakacheka, kicheko kile cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Peris alicheka mpaka akafunika uso.

Viola alikuwa amesimama. Alimtazama mumewe, Muigai akatazama viatu vyake. Basi akaja peke yake katikati ya viti, mtoto mgongoni, akapanda jukwaani.

"Mimi sijui kuigiza, mama," alisema akiwa amefika.

"Hata mimi leo sijui."

Viola akamfungua Ian mgongoni. Mtoto aliamka, akamwona mwanamke mgeni, akaona na mtu mwenye pamba puani ameketi juu ya jeneza, akapiga kelele ya kupasua paa. Nduta akampokea hivyohivyo, mtoto akilia, akamweka begani, akaanza kutembea naye jukwaani kwenda na kurudi, akimpigapiga mgongo, kama alivyozoea kutembea, ila sasa kulikuwa na sababu. Akatembea mpaka kilio cha mtoto kikawa kwikwi. Alipogeuka akamwona Muigai amesimama chini, mbele ya jukwaa. Mikono ameikunjua lakini haijui ikae wapi. Uso wake ulikuwa umefunga bado.

"Hiyo ya Sirisia," Muigai alisema. "Na Myanga. Utarudi huko kote?"

"Nitarudi. Kote."

"Na kumtaja Viola?"

"Nitamtaja."

Muigai akafikiri. Watu wazima waliokuwa safu ya kwanza walijifanya hawasikii.

"Kinu cha Webuye bado hakijakaa sawa," alisema. "Sitaweza kuja kila mahali."

"Sijasema uje kila mahali."

Nduta akaja mpaka ukingoni, Ian begani, akitafuta kwa mguu ngazi ya kushukia, na kwa sababu ya mtoto hakuweza kuona chini. Mguu ukapapasa hewani, ukarudi, ukapapasa tena. Muigai akasogea karibu, akainua mkono wake wenye mafuta ya mashine, akamshika mama yake kiwiko, huku akitazama pembeni.

"Si hiyo mbao," alisema. "Imeoza. Kanyaga huku."